Kelele Zikizidi, Wasiwasi Ukipanda: Kipi Kinamfaa Mtu Mzima Mwenye Usonji

Mtu mzima mwenye usonji (autism), yaani ambaye ubongo wake tangu utotoni hupokea mawasiliano na hisi kwa namna tofauti, akisema kelele zinamuumiza, atajibiwa vumilia, utazoea, au vuta pumzi. Ushauri huo una mahali pake, ila mara nyingi hutolewa pasipo mahali pake. Kuna hali mbili, wasiwasi na kuzidiwa, ambazo kwa nje zinafanana na kwa ndani zinataka msaada tofauti. Anayezichanganya atanunua kifaa kizuri kisichomfaa, au atameza kidonge cha kutuliza moyo ilhali tatizo ni spika iliyo mita nne kutoka sikioni mwake.

Wasiwasi au kuzidiwa?

Wasiwasi unahusu kinachokuja. Unaweza kuanza siku mbili kabla ya harusi, ukiwa chumbani peke yako, kimya kabisa: nani atakaa karibu nami, wakiniita jukwaani je, nikishindwa kuongea je. Moyo unaenda mbio, tumbo linavuruga, usingizi unakata saa nane usiku.

Kuzidiwa kunahusu kilichopo sasa hivi. Masikio, macho, ngozi na pua vimeleta mambo mengi kuliko ubongo unavyoweza kuyapanga. Hakujali kama unaipenda shughuli au huipendi. Unaweza kuzidiwa kwenye harusi ya mdogo wako uliyoingoja mwaka mzima. Dalili za mwanzo ni ndogo na rahisi kupuuzwa: unaanza kujibu kwa neno moja moja, maongezi ya meza yanageuka kelele tupu, lebo ya shati ambayo asubuhi hukuisikia sasa inakwaruza shingo, mwanga unaonekana umeongezeka. Baadaye wengine hulipuka kwa kilio au hasira, wengine huzimika: maneno hayatoki, mwili unakuwa mzito.

Jiulize hivi: muziki ukizimwa sasa hivi, taa zikapunguzwa na watu wakatoka, ungepata nafuu ndani ya nusu saa? Jibu likiwa ndiyo, umezidiwa. Kama moyo utaendelea kwenda mbio hata kwenye kimya, ni wasiwasi. Mara nyingi vyote viwili vimefuatana, kwa sababu aliyezidiwa kwenye daladala Jumatatu atakuwa na wasiwasi wa kupanda daladala Jumanne. Hapo anza na masikio na macho kwanza, wasiwasi baadaye. Huwezi kumshawishi mtu kwamba mahali ni salama wakati mahali penyewe bado panamuumiza.

Haya si mambo ya kubuni wala ya kudeka. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, toleo la tano la 2013, uliingiza tofauti za hisi, yaani kusikia, kuona au kugusa kupita kiasi au chini ya kiasi, miongoni mwa vigezo vya usonji. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikadiria kwamba karibu 27% ya watu wazima wenye usonji wana tatizo la wasiwasi lenye kiwango cha ugonjwa kwa wakati mmoja, na karibu 42% wamewahi kuwa nalo maishani.

Na ule ushauri wa "utazoea"? Kwa hofu ya kawaida, kukikaribia unachokiogopa hatua kwa hatua husaidia kweli. Lakini tafiti za picha za ubongo kwa vijana wenye usonji ambao hisi zao ni kali zimeonyesha kwamba ubongo wao hauzoei sauti na miguso inayojirudia jinsi ubongo wa wengine unavyozoea. Kumpeleka mtu Kariakoo kila siku ili azoee kunaweza kumfanya azidi kuchoka, akaongeza na hofu ya Kariakoo juu yake.

Masikio: vifaa vinne

Hapa ndipo penye faida ya haraka zaidi, na ndipo watu wanapopoteza pesa zaidi. Kwanza elewa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Kelele ikipungua desibeli 10, sikio huisikia kama imepungua karibu nusu. Kwa hiyo kifaa kinachopunguza 15 kwa uhakika kinakishinda kilichoandikwa 33 kwenye pakiti lakini kinaning'inia mdomoni mwa sikio. Namba za pakiti ni za maabara. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, imekuwa ikishauri zipunguzwe kabla ya kuziamini: robo kwa vifunika masikio, nusu kwa vizibo vya sponji, na 70% kwa vizibo vya aina nyingine. Sponji ya 30 ihesabu kama 15.

| Kifaa | Kinapofaa | Kinaposhindwa |
|---|---|---|
| Vizibo vya sponji | Honi, vyombo vya jikoni, watoto, usingizi | Maongezi yanafifia. Besi inapita |
| Vizibo vya silikoni vyenye kichujio | Ofisini, kanisani, mezani kwenye sherehe | Karibu na spika kubwa |
| Vifunika masikio vya mafundi | Nyumbani, sokoni, kuvaa na kuvua haraka | Joto, misuko, mtandio, miwani |
| Hedifoni za kufuta kelele | Injini ya basi, jenereta, feni, AC | Sauti za watu, honi, chaji ikiisha |

Sponji ndizo za bei ya chini kuliko zote. Zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, wanakonunua mafundi wa kuchomelea na wa ujenzi. Wengi wanaosema hazifanyi kazi wamezivaa vibaya. Nawa mikono. Isokote sponji kati ya vidole mpaka iwe nyembamba kama njiti, bila mkunjo. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio kwenda juu na nyuma ili njia yake inyooke, ingiza sponji ikiwa bado nyembamba, kisha ishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 inapotanuka. Wengi huacha kidole baada ya sekunde tano, sponji ikajisukuma nje. Ukitaka kujua kama imekaa, ongea: sauti yako inapaswa kusikika kama unaongea ndani ya mtungi. Kisha ziba masikio kwa viganja; kelele ikipungua sana, sponji haijaziba, rudia. Wakati wa kutoa, izungushe polepole kwanza, maana kuivuta kwa nguvu kunaweza kuumiza ngoma ya sikio.

Ule mtungi ndio kasoro yake kubwa. Wapo wasiostahimili kusikia kutafuna kwao, mate yao, nyayo zao. Kwa hao sponji huondoa usumbufu mmoja na kuleta mwingine, na hakuna haja ya kujilazimisha. Wajaribu vifunika masikio, ambavyo kwa wengi husumbua kidogo kwa hilo.

Vizibo vya silikoni vyenye kichujio hupunguza kidogo, desibeli 12 hadi 25 kwenye pakiti, lakini hushusha sauti za juu na za chini kwa usawa zaidi, kwa hiyo maneno yanabaki maneno. Ndivyo tunavyovipendekeza kwa mtu anayepaswa kujibu watu: karani wa dirishani, mwalimu, anayehudhuria kikao. Huja na vichwa vya ukubwa tofauti, na masikio mawili ya mtu mmoja yanaweza kutaka ukubwa tofauti. Vioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni na kukaushwa. Sponji haioshwi, ikiwa ngumu au chafu, tupa.

Vifunika masikio vina sifa moja ambayo watu huisahau: havihitaji vidole vyenye utulivu. Mtu aliyekwisha kuzidiwa, mikono inatetemeka, hawezi kusokota sponji. Vifunika anavivaa kwa sekunde moja. Kasoro ni kwamba vinategemea mto wake kugusa ngozi pande zote. Mtandio uliokunjwa mara mbili, rasta nene au mikono ya miwani huacha upenyo, na upenyo mdogo unakula sehemu kubwa ya faida. Anayevaa hijabu atafute vyenye utepe unaopita nyuma ya shingo, avae vifunika kwanza, kisha mtandio juu yake. Kwenye joto la Dar au Mombasa vitaloa jasho ndani ya dakika 20. Vivue, futa, pumzisha sikio. Sikio linalokaa na unyevu hupata maambukizi, na sikio linalouma au kutoa usaha halizibwi kwa chochote mpaka litibiwe.

Hedifoni za kufuta kelele ni ghali na zinasifiwa kupita uwezo wake. Hufanya kazi kwa kusikiliza kelele na kutoa wimbi la kinyume, mbinu inayofaulu kwa milio ya chini isiyobadilika. Ndani ya basi la usiku kwenda Mwanza, mngurumo wa injini unatoweka na safari inageuka kuwa kitu kingine kabisa. Lakini ukidhani zitafuta sauti ya konda au mtoto anayelia siti ya nyuma, utajuta. Sauti hizo ni za juu na hubadilika haraka. Wengine pia husikia shinikizo masikioni kama wako kwenye ndege, na wachache hupata kichefuchefu. Azima za mtu kwa nusu saa kabla ya kununua.

Kuvaa sponji na vifunika kwa pamoja kunawezekana, ila usijumlishe namba. Unaongeza kama desibeli 5 tu juu ya kile kilicho bora. Na kuna mipaka miwili. Usizibe masikio yote mawili unapovuka barabara au kutembea pembeni ya njia ya bodaboda, kwa sababu pikipiki inayokuja nyuma hutaisikia. Usivae pia kutwa nzima mahali palipo kimya: sikio lililonyimwa sauti za kawaida huanza kuziona hata hizo kali, na baada ya wiki chache kijiko kikigonga kikombe kinachoma. Vaa kwa ajili ya mahali na saa fulani, halafu vua.

Besi ni jambo lingine

Aliyewahi kulala mtaa wenye kigodoro, ile ngoma ya mtaani ya usiku kucha, anajua kwamba kuna sauti inayoingia kwa kifua. Mapigo ya besi hupita kwenye kuta, sakafu na mifupa, na kizibo cha sikio hakiyazuii sana. Kinachoyapunguza ni umbali. Uwanjani, kila ukizidisha umbali mara mbili kutoka kwenye spika, sauti hushuka karibu desibeli 6: kutoka mita 5 hadi 10 ni sita, hadi 20 ni kumi na mbili, hadi 40 ni kumi na nane. Kuhama meza mbili kunaweza kukusaidia kuliko kizibo cha bei mbaya. Kukaa nyuma ya spika kunapunguza milio mikali tu, kwa sababu hiyo huelekea mbele. Besi husambaa pande zote.

Sheria ipo, kanuni za kelele na mitetemo za Tanzania za mwaka 2015 na za Kenya za mwaka 2009, na malalamiko yanafaa kwa baa inayosumbua kila wiki. Kwa usiku huu mmoja hayatakusaidia kwa wakati. Kalale kwa ndugu wa mtaa mwingine ukiweza. Kama huwezi, hamia chumba kilicho mbali na spika, toa godoro kwenye kitanda cha chuma kinachotetemeka, vaa sponji, na washa feni ili sauti yake iliyo sawasawa ifunike kilichobaki.

Kukaa, kutoka nje, au kutokwenda

Kutokwenda kunaondoa kuzidiwa kwa asilimia mia na kunalea wasiwasi: kila harusi unayoikwepa inaifanya ijayo ionekane kubwa zaidi. Kukaa mpaka mwisho kwa kuuma meno kunamaliza shughuli moja na kukugharimu siku mbili kitandani. Kati ya hizo mbili kuna njia tunayoiamini zaidi: kwenda kwa muda uliopimwa, na kutoka nje mara kadhaa kabla hujahitaji kutoka.

Siri iko kwenye neno "kabla". Jipime kutoka 0 hadi 10 na utoke ukifika 5. Ukingoja 8, maneno yameshakauka, huwezi kuaga wala kueleza, na kupona kutachukua saa badala ya dakika. Kwa kuwa wengi wenye usonji hawazisomi vizuri ishara za mwili wao wenyewe, usitegemee kujisikia: weka simu itetemeke kila dakika 40, toka dakika 10 hata kama unajiona mzima. Kabla ya kuondoka nyumbani kula, kunywa maji, nenda msalani. Njaa, kiu na mkojo huzidisha yote haya bila kujitambulisha.

Shughuli zetu zinakubali zaidi ya tunavyodhani. Fika mapema, wakati MC bado anajaribu maikrofoni, uchague meza ya pembeni karibu na mlango, mgongo ukutani, ili sauti na watu wasikujie pande zote. Kazi humpa mtu ruhusa ya kutoka: kupokea wageni getini, kuhesabu soda, kupeleka zawadi kwenye gari. Hakuna anayemuuliza mpokea wageni kwa nini yuko nje. Kwenye salamu, anayeumizwa na kushikwa mikono na kukumbatiwa aweke kiganja kifuani, ainame kidogo na aseme shikamoo kwa sauti; pwani ni adabu kamili, na bara wazee wengi huipokea. Na uage wakati wa kuingia: "Mama mdogo, nimekuja, ila nitatoka mapema." Ukishaaga, kutoka kwako saa tatu hakumvunjii mtu heshima.

Msiba ni mgumu zaidi, maana watu hulala hapo na vilio huja ghafla. Afadhali kwenda mara tatu kwa saa moja moja kuliko kulala usiku mmoja.

Pumzi, baridi, uzito na mikono

Hivi vinne vinashauriwa kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Tofauti zake ni kubwa.

Pumzi ni ya wasiwasi. Ingiza kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, kupitia pua, dakika tano. Hiyo ni pumzi sita kwa dakika. Kosa la kawaida ni kuvuta pumzi kubwa kubwa. Ukivuta nyingi, kabonidayoksaidi mwilini inashuka, vidole vinakufa ganzi, kichwa kinazunguka, na mtu anaogopa zaidi. Pumzi iwe ndogo na ya polepole, kutoa kurefuke kuliko kuingiza. Aliyezidiwa, au anayechanganywa na kuusikiliza mwili wake, aiache. Kumwambia "pumua, pumua" kando ya spika ni kumuongezea sauti nyingine ya kuchakata.

Baridi hufanya kazi haraka zaidi kwa moyo unaokimbia. Maji baridi sana usoni, hasa kuzunguka macho na pua, pumzi ikiwa imeshikwa sekunde 15 hadi 30, huushusha mwendo wa moyo. Ni itikio lilelile la mpiga mbizi. Maji ya bomba yaliyokaa kwenye simtanki juani hayatoshi. Chukua barafu ya mfuko, ile inayouzwa majumbani, ifunge kwenye kanga, iweke juu ya mashavu na macho huku umeinama. Mwenye ugonjwa wa moyo, mapigo ya polepole, au anayetumia dawa za kupunguza mapigo asijaribu bila daktari. Na kwa mtu ambaye unyevu usoni unamchefua, hii si dawa hata kidogo.

Uzito, yaani mgandamizo mzito na tulivu mwilini, huwafaa wengi waliozidiwa. Temple Grandin, mtaalamu wa mifugo wa Marekani mwenye usonji, alijitengenezea mashine ya kujibana akiwa kijana, baada ya kuona ng'ombe wakitulia kwenye kibanio cha chanjo. Siku hizi linauzwa blanketi zito, na kipimo kinachotajwa ni karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Lakini usinunue kwa tamaa ya usingizi: jaribio la Uingereza la mwaka 2014 kwa watoto wenye usonji halikuonyesha kwamba walilala zaidi, ingawa watoto na wazazi walilipenda. Na kwenye joto letu blanketi la kilo sita ni adhabu. Mfuko wa kitambaa wenye mchele kilo 2 au 3, ulioshonwa vyumba vinne ili mchele usikimbilie upande mmoja, unakaa mapajani hata ofisini. Kanga iliyokazwa kifuani chini ya nguo pia hubana vizuri, ilmradi unaweza kupumua na kuifungua mwenyewe. Kusukuma ukuta kwa viganja, mikono imenyooka, sekunde 10 mara tano, ni bure na kunafanyika hata kwenye korido.

Mikono ndiyo tunayoitetea kwa nguvu zaidi. Kutikisa mguu, kusugua vidole, kuyumba: mwili unajituliza wenyewe, na kumzuia mtu ni kumnyang'anya breki. Kama macho ya watu yanakusumbua, tafuta mwendo ambao jamii imeshauzoea. Aliyekaa kwenye daladala na tasbihi au rozari yake hakuna anayemtazama mara mbili. Kusuka ukili, kufuma vitambaa, kuchambua mchele kwenye ungo: vidole vinarudia mwendo mmoja, macho yana mahali pa kutua, na unaweza kukaa katikati ya watu kumi bila kulazimika kuongea.

Macho

Kwa ufupi: kofia yenye kapelo inazuia taa za juu na haishangazi mtu. Taa za tyubu za zamani humetameta mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wetu, na wapo wanaolihisi hilo kama maumivu ya kichwa. Omba kiti cha dirishani au balbu nyingine. Miwani ya giza ni ya juani na ya kumbi zenye taa za kuwaka na kuzima. Ukiivaa ndani kutwa, macho huzoea giza na mwanga wa kawaida unaanza kuuma.

Dawa

Hakuna kidonge kinachopunguza kelele. Dawa hushughulikia wasiwasi, na mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2012 kuhusu watu wazima wenye usonji unasema wazi dawa zisitolewe kwa ajili ya usonji wenyewe. Wasiwasi ulioambatana nao hutibiwa kama wa mtu mwingine yeyote, tiba ikirekebishwa. Dozi ni ya daktari. Hapa tunalinganisha tabia zake ili ujue cha kuuliza.

Propranololi huzuia mapigo ya haraka na kutetemeka, kwa hiyo inamfaa anayeogopa tukio moja linalojulikana, kama usaili au hotuba. Humezwa kama nusu saa hadi saa moja kabla. Mwenye pumu asiiguse. Mwenye kisukari amwambie daktari, maana huficha dalili za sukari kushuka. Diazepamu hutuliza kweli, lakini hukaa mwilini siku kadhaa, utegemezi unaweza kujengeka ndani ya wiki chache, na ikichanganywa na pombe au tramadoli, dawa kali ya maumivu, inaweza kusimamisha pumzi. Kwa baadhi ya watu wenye usonji huleta kinyume: fadhaa na hasira. Sertralini na fluoksetini ni za kila siku, huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha kazi, na wiki ya kwanza zinaweza kuongeza wasiwasi. Hazimfai anayesumbuliwa mara moja kwa mwezi.

Kununua Piriton au prometazini, dawa za mzio, dukani ili "utulie" ni kununua usingizi tu. Siku ya pili kichwa ni kizito, na kichwa kizito huzidiwa mapema. Upande wa pili wa mizani, kinywaji cha kuongeza nguvu cha mililita 250 huwa na kafeini karibu miligramu 80, na nusu yake bado iko mwilini baada ya takriban saa tano. Kuacha hicho na miraa siku ya shughuli kunaweza kukusaidia kuliko kidonge.

Tiba ya mazungumzo ina faida inayodumu zaidi kwa wasiwasi, kama mshauri atakubali kuibadilisha: maswali ya moja kwa moja, mambo yaandikwe, mafumbo yapunguzwe, mapumziko katikati. Hospitali zenye idara za afya ya akili, kama Muhimbili, Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi, ni pa kuanzia. Peleka karatasi ya wiki mbili: siku, saa, mahali, kulikuwa na sauti gani, namba yako kati ya 0 na 10, ulipona baada ya muda gani. "Ninapata wasiwasi" itakupatia kidonge. Karatasi hiyo itampa daktari nafasi ya kuona kwamba kila mara ilikuwa saa kumi na moja jioni, njaa, na daladala.

Ikishatokea

Watu wakiona mtu amezimika watamzunguka, watampepea, watamwagia maji, watamwombea kwa sauti. Wanafanya hivyo kwa upendo, na kila kimoja kinaongeza mzigo. Andika ujumbe kwenye simu mapema, herufi kubwa: "Nimezidiwa na kelele. Siumwi. Sitaweza kuongea kwa dakika 20. Naomba mahali patulivu. Tafadhali usinishike." Neno "siumwi" ndilo linalorudisha watu nyuma.

Anayekusindikiza apunguze kwanza: sauti, taa, watu. Aulize swali moja la ndiyo au hapana, kisha asubiri sekunde 10 kabla ya kurudia, kwa maneno yaleyale. Asikae mbele ya uso wako, akae ubavuni. Baada ya mlipuko, mazungumzo ya nini kilitokea yangoje kesho.

Ajue pia mipaka. Kifafa ni cha kawaida zaidi kwa watu wenye usonji kuliko kwa wengine. Aliyezimika kwa kuzidiwa huwa anasikia, na akitulia mara nyingi hukumbuka waliosema nini. Aliyekakamaa, anayetikisika mwili, au asiyekumbuka chochote apelekwe hospitali, sawa na mwenye maumivu ya kifua, aliyezirai, au anayesema anataka kujidhuru.

Chochote utakachochagua, kijaribu nyumbani jioni tatu, dakika 20 kila jioni, redio ikiwa juu kidogo. Kizibo kinachovaliwa mara ya kwanza ukumbini huishia kwenye mfuko wa suruali.